Mafuta ya makonyo kwenye singo na mafuta ya kuchulia: kipimo gani ni salama?

Bi_Viungo (Chake Chake)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nina chupa ya ml 100 ya mafuta ya makonyo (vile vikonyo vya karafuu), yale yaliyopikwa kwa mvuke. Nataka kuyatia kwenye bidhaa mbili za dukani: mafuta ya kuchulia mgongo na viungo, ambayo msingi wake ni mafuta ya nazi, na singo ya maharusi, yaani unga wa manukato wa kusugulia mwili. Maelezo niliyonayo ni ya zamani, yameandikwa hivi tu: "mafuta ya karafuu vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita ya mafuta ya nazi". Kwa kipimo hicho ngozi inawaka na kuwa nyekundu.

Naomba wanaojua wanisaidie haya:

Kipimo hasa ni kiasi gani, kwa mafuta na kwa singo?

Nitajuaje kama niliyouziwa hayakuchanganywa na mafuta mengine?

Wateja wanauliza kama yanafaa kwa jino linalouma, na kina mama wanataka kuwapaka ufizi watoto wanaoota meno. Niwaambieje?

La mwisho, chupa ina kifuniko chenye mpira wa kudondoshea. Mpira umelainika na unanata. Je, mafuta yameharibika?

---

Kinu_cha_Mvuke (Mkoani)

Wa alaykum salaam, bibie.

Tatizo lako limeanzia kwenye jina. Visiwani tunaita "mafuta ya karafuu" vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Cha kwanza ni karafuu zilizotwangwa zikarowekwa kwenye mafuta ya nazi au ya ufuta, zikaanikwa juani wiki mbili tatu, zikachujwa. Hayo ndiyo ya bibi zetu. Cha pili ni hicho ulicho nacho: mafuta yaliyotolewa kwa mvuke, hayana nazi wala ufuta ndani, ni karafuu au makonyo matupu. Maelezo yako ya vijiko viwili yaliandikwa kwa ajili ya yale ya kuroweka.

Fanya hesabu uone. Karafuu kavu nzuri ina mafuta ya mvuke kama asilimia 15 hadi 18 ya uzito wake. Ukiroweka gramu 20 kwenye nusu lita ya nazi, hata mafuta yote yaliyomo yangetoka, na hayatoki yote, ungepata gramu 3 hadi 3.6 tu. Hiyo haifiki asilimia 1. Sasa chukua vijiko viwili vya chakula, yaani ml 30, vya mafuta yako ya mvuke utie kwenye nusu lita ile ile: umepata zaidi ya asilimia 6. Ngozi lazima iwake.

Halafu yako ni ya makonyo, na makonyo yana ukali wake. Kitu kinachouma na kutia ganzi ndani ya karafuu kinaitwa eujenoli. Mafuta ya karafuu yenyewe huwa nayo asilimia 70 hadi 85 hivi, na sehemu kubwa ya yanayobaki ni eujenili asetati na kariofilini, ambazo hulainisha harufu ikawa tamu kidogo. Mafuta ya makonyo hupanda hadi 85 na kupita 90, asetati karibu hakuna. Ndiyo maana harufu yake ni kavu, ya "hospitali ya meno". Kwa mafuta ya kuchulia si vibaya. Kwa singo ya harusi, kama mfuko unaruhusu, tafuta ya karafuu yenyewe. Mtu mwenye pua atajua tofauti.

Mpira wa kifuniko: mafuta hayajaharibika bado, yanaula mpira. Hula pia plastiki ngumu ing'aayo, ile ya vikombe na vijiko vya kutupa; huifanya inate kisha iyeyuke. Yamwage leo kwenye chupa ya kioo cha rangi ya udongo yenye kifuniko cha kusokota cha plastiki ngumu isiyong'aa, ujaze karibu na shingo ili hewa ibaki kidogo, na uisimamishe, usiilaze. Kipande cha mpira kilichokwisha kuyeyukia ndani ukichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Na usiweke kwenye kopo la bati wala chuma: eujenoli ikikutana na chuma mafuta hugeuka kahawia iliyokoza, hata kuelekea rangi ya zambarau. Ukiona mafuta ya makonyo meusi sokoni, mara nyingi ni ya chombo cha chuma au ya sufuria iliyoungua chini.

---

Mfamasia_Wete

Nakuja kwenye kipimo.

Kwa mafuta yanayobaki kwenye ngozi, kiwango ambacho wataalamu wa mafuta haya wanakishikilia ni asilimia 0.5. Siyo 5. Nusu ya moja. Zaidi ya hapo hatari kubwa si kuwaka, maana kuwaka kunapita. Hatari ni mzio. Ngozi ikishaikataa eujenoli mara moja, huikataa maisha yote, na mtu huyo atawashwa na marashi, sabuni za manukato, hata dawa ya kuzibia jino ambayo daktari wa meno huichanganya kwa eujenoli na unga wa zinki oksidi. Humuuzii mtu mafuta tu hapo, unamfungia mlango wa vitu vingi.

Usipime kwa matone. Tone la mafuta haya hutegemea tundu la chupa, uzito wa mkono na joto la chumba. Chupa moja hutoa matone 20 kwa ml, nyingine 30 na zaidi. Nunua sirinji ya ml 1 isiyo na sindano duka la dawa. Ivute, isukume, ioshe papo hapo kwa sabuni na maji ya moto, maana mpira wa ndani nao utavimba ukiuacha. Bora zaidi ni mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 0.01, kama ile ya masonara.

Hapa kuna kitu wengi hawakioni. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, ml 1 ina gramu 1.05 hivi. Mafuta ya nazi ni mepesi, ml 1 ni kama gramu 0.92. Kwa hiyo ukitia ml 1 kwenye ml 200 za nazi ukidhani ni 0.5, kwa uzito umefika kama 0.57. Tia ml 0.8 kwa kila ml 200. Utakuwa kwenye 0.45, na una nafasi kidogo ya kukosea. Chupa yako ya ml 100 kwa kipimo hicho inatosha lita 25 za mafuta ya kuchulia. Ukiona imekwisha baada ya lita mbili, ujue unauza dawa ya kuunguza.

Namna ya kuchanganya: yeyusha mafuta ya nazi kama yameganda, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu tu, ukigusa chupa kwa nje mkono hausikii moto. Mafuta ya mvuke yakitiwa kwenye nazi ya moto harufu inapaa na macho yako yanawaka. Tia ml 0.8 kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye ml 20 za nazi, koroga dakika moja, kisha mimina mchanganyiko huo kwenye ml 180 zilizobaki, ukoroge tena. Usimwage moja kwa moja kwenye ndoo, maana yanazama. Chini ya ndoo patakuwa na mafuta makali na juu patakuwa na nazi tupu, na chupa ya mwisho utakayojaza ndiyo itakayomuunguza mteja.

Kabla ya kuuza, na kila mteja mpya akaambiwe vivyo hivyo: paka tone la mchanganyiko uliokamilika ndani ya kiwiko, usioshe, angalia baada ya saa 24, kisha saa 48, na ikiwezekana siku ya tatu. Mzio haukimbilii, unaweza kutokea siku ya pili. Ukiona vipele, uwekundu unaowasha au lengelenge, mtu huyo asitumie tena, hata kwa kipimo kidogo.

Wasiopaswa kupakwa: mtoto chini ya miaka miwili, mtu mwenye kidonda, upele au ngozi iliyonyolewa siku hiyo. Kuyanywa, asiyanywe mtu yeyote. Namtaja hasa mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini kila siku, na anayesubiri upasuaji, kwa sababu eujenoli huzuia chembe za damu zisishikane na damu ikachelewa kuganda.

---

Singo_na_Liwa (Mjini, Unguja)

Bi Viungo, kwenye singo usiyatie mafuta haya kwenye marashi ya mawaridi. Kosa hili linajirudia sana. Marashi ni maji, na mafuta ya makonyo hayachanganyiki na maji. Yanashuka chini yakawa vishanga vya njano. Anayemwagiwa mwanzo hapati kitu, anayepata tone la chini ya chupa anapata mafuta matupu juu ya ngozi iliyosuguliwa.

Singo kavu ya gramu 500: pima gramu 2 za mafuta, si zaidi. Zikoroge kwanza na gramu 20 za mafuta ya nazi au ya ufuta. Chukua konzi mbili za unga wa singo, mimina humo, sugua kwa vidole (vaa glavu) kama unavyosugua unga wa maandazi na samli, mpaka usione hata donge lenye unyevu. Pitisha kwenye chekecheke. Kinachobaki juu, kisugue tena. Kisha changanya na unga uliobaki kwa awamu tatu nne, kila mara ukipindua kutoka chini. Funika usiku mmoja kabla ya kutia kwenye mikebe, harufu ienee.

Kama ndani ya singo umeshatia karafuu za kusaga, punguza mafuta yawe gramu 1 au uyaache kabisa. Karafuu ya unga nayo ina eujenoli yake, watu husahau kuihesabu.

Na mpangilio wa siku za harusi una maana. Bi harusi akinyolewa au akitolewa vinyweleo kwa sukari na ndimu, singo yenye mafuta ya makonyo isimguse siku hiyo wala kesho yake. Ngozi ile iko wazi. Mfanyie singo kwanza, vinyweleo baadaye, au acheni siku mbili katikati. Usoni, kifuani kwenye chuchu, na sehemu za siri: hapana. Kwa huko tengeneza singo nyingine ya mawaridi na asumini, bila tone la makonyo.

---

Bi_Viungo (Chake Chake)

Ahsanteni sana, wallahi nimeelewa lile la kuzama. Chupa ya majaribio ya mwisho ndiyo ilikuwa kali kuliko zote, sasa sababu naijua.

Bado suala la jino na watoto. Na mafuta kuchanganywa.

---

Mfamasia_Wete

Watoto kwanza, kwa sababu hapo hakuna mjadala. Mtoto anayeota meno asipakwe mafuta ya karafuu wala ya makonyo kwenye ufizi. Hata tone moja lililotiwa kwenye nazi. Ganzi ikiingia kooni anapaliwa na mate yake, na ufizi wake ni laini, unababuka. Mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi ya friji atafune, au umsugue ufizi kwa kidole kilichooshwa. Basi.

Kumeza ni jambo zito zaidi. Vitabu vya tiba vimeeleza watoto wadogo waliomeza ml 5 hadi 10 tu za mafuta haya, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai: wamepoteza fahamu, wamepata degedege, sukari ya damu imeshuka, ini limeharibika ndani ya siku moja au mbili. Kijiko kimoja cha chai. Chupa yako ina vijiko ishirini. Iweke juu, ndani ya kabati lenye komeo, mbali na chupa za dawa ya kikohozi, na usiwahi kuyatia kwenye chupa ya soda au ya maji.

Mtoto akimeza: msitapishe. Akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Msimnyweshe maziwa wala mafuta ya nazi, mnavyozoea. Vitu vya mafuta vinaweza kusaidia eujenoli iingie haraka mwilini. Mfuteni kinywa kwa kitambaa chenye maji, mkimbizeni hospitali, na mchukue chupa yenyewe mkononi. Daktari akiiona chupa atajua apime sukari na ini bila kusubiri. Ipo dawa ambayo hutumika kwa mtu aliyezidisha panadol, inaitwa asetilisisteini, na imeshatumika kwa watoto waliomeza mafuta haya, kwa hiyo kuwahi kuna faida kubwa. Hata akionekana mchangamfu, apelekwe. Ini halilii siku ya kwanza.

Yakiingia machoni: maji mengi yanayotiririka, robo saa kamili kwa kutazama saa, kisha hospitali. Yakimwagika kwenye ngozi yakiwa matupu, futa kwanza kwa pamba yenye mafuta ya nazi au ya kupikia, ndipo uoshe kwa sabuni. Ukianza na maji unayasambaza tu.

---

Jino_na_Ufizi

Kuhusu jino kwa mtu mzima. Yanatuliza, hilo ni kweli na linajulikana kwa madaktari wa meno duniani kote. Eujenoli inatia ganzi na inapunguza vijidudu. Ila yanatuliza maumivu ya jino lenye tundu kwa saa chache. Hayaui usaha ulio chini ya mzizi.

Namna inayofaa ni hii. Piga mswaki taratibu, sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, toa chakula kilichonasa. Sokota kipande cha pamba kidogo kama punje ya mchele, ncha ya kijiti cha meno ikishike. Changanya tone moja la mafuta na matone manne ya mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha kioo. Chovya pamba, kisha ikamue kwenye karatasi mpaka isidondoke. Hatua hii ya kukamua ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta vidonda. Iweke ndani ya tundu la jino, siyo juu ya ufizi, siyo kwenye shavu. Acha dakika kumi, itoe, tema mate, usimeze. Mara tatu kwa siku, siku mbili, basi.

Wanaolowesha pamba nzima kwa mafuta matupu na kulala nayo hukuta asubuhi ufizi mweupe unaochunika. Ule weupe ni nyama iliyoungua. Na kwa kuwa pana ganzi hawakusikia ikiungua. Ukiyarudia wiki nzima kwenye tundu lililofika ndani, kiini cha jino hudhurika, na jino ambalo lingezibwa linakuwa la kung'olewa.

Mwambie mteja wako aende kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo, na asiguse mafuta tena, akiona shavu limevimba, homa, mdomo haufunguki vizuri au kumeza kunamshinda. Hizo ni dalili kwamba uchafu umetoka kwenye jino unaelekea shingoni.

---

Kinu_cha_Mvuke (Mkoani)

Sasa kujua kama yamechanganywa. Vipimo vitatu vya nyumbani, vyote pamoja havimalizi dakika kumi na tano ukiacha cha friji.

Maji. Jaza glasi, dondosha tone. La makonyo linazama. Tone dogo linaweza kukaa juu kwa kushikwa na uso wa maji, usikimbilie kuhukumu: lisukume kwa kijiti, likizama halirudi. Likirudi juu kila mara, humo mna nazi, alizeti au mafuta mengine mepesi.

Spiriti. Chukua ml 1 ya mafuta, tia ml 2 za spiriti ya asilimia 70 ile ya ethanoli, tikisa. Mafuta safi huyeyuka, chupa inabaki angavu. Ikiwa kama maji ya tui, kuna mafuta ya kupikia ndani.

Friji. Weka ml chache usiku kucha kwenye friji ya kawaida, siyo sehemu ya barafu. Mafuta ya makonyo hubaki maji, eujenoli huganda chini ya sifuri. Yakitoka na mawingu meupe au chenga, ni nazi.

Vipimo hivi havikuambii kama mtu amekuuzia ya majani akasema ya makonyo, au ya makonyo akasema ya karafuu. Yote yanazama, yote yanayeyuka. Hapo unategemea pua, na maabara kama unanunua kwa lita. Bei nayo inasema: karafuu kavu hutoa asilimia 15 na zaidi lakini zenyewe ni ghali, makonyo hutoa 5 hadi 7, majani 2 hadi 3 na yanaokotwa chini. Anayekuuzia "ya karafuu" kwa bei ya makonyo anakuuzia makonyo. Chupa yenye asili inayojulikana ni rahisi kuipata kwetu, kiwanda cha makonyo kipo Wawi hapo hapo Chake.

---

Mchaichai_Konde

Ndugu Kinu, tupo tunaokeneka mchaichai kwa mtambo mdogo wa pipa la chuma kisichoshika kutu na tunataka kujaribu makonyo. Mtambo ule ule unafaa?

---

Kinu_cha_Mvuke (Mkoani)

Unafaa, isipokuwa chombo cha kupokelea. Mafuta ya mchaichai yanaelea, kwa hiyo chombo chako kina bomba la maji chini na mafuta unayachota juu. Ukipika makonyo kwa chombo hicho, mafuta yatakwenda na maji kwenye mtaro na utabaki unashangaa kwa nini kinu hakitoi kitu. Geuza: maji yatokee kwenye mdomo wa juu, bomba la mafuta liwe kwenye kitako kilichochongoka.

Usistaajabu ukiona na utando mdogo unaelea juu. Ni sehemu nyepesi, zaidi kariofilini. Ichote, irudishe kwenye yale mazito mwishoni, zote ni mafuta yako.

Mambo yanayoharibu: makonyo mabichi au yaliyoota ukungu gunia likiwa na unyevu, yaanike mpaka yavunjike kwa sauti. Kushindilia pipa, mvuke hutafuta njia ya mkato pembeni na makonyo ya katikati yanatoka kama yalivyoingia. Kuzima moto mapema. Mchaichai humaliza kwa saa mbili tatu, makonyo yanataka nane na zaidi, eujenoli ni nzito na inatoka kwa kujivuta. Maji ya sufuria kukauka. Harufu ya kuungua haitoki tena kwenye mafuta. Na yale maji meupe kama tui yanayotoka kwenye chombo cha kupokelea, msiyamwage. Bado yana mafuta yaliyoyeyuka. Yarudisheni kwenye pipa.

Kabla ya kukusanya magunia ya makonyo, pita ofisi ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, uulize utaratibu. Makonyo yananunuliwa na kusimamiwa pamoja na karafuu, usije ukakamatwa na mzigo njiani kwa jambo la kuuliza tu.

---

Ukunga_na_Afya

Naomba kuongeza moja, maana kuna chupa ndogo za mafuta ya pasli zinauzwa madukani pamoja na haya, na kina dada wanaulizana kama zinarudisha siku zao. Mafuta ya mbegu za pasli yana apioli na miristisini. Apioli ndiyo iliyotumika zamani kutoa mimba, na wanawake walikufa kwa kuharibika ini na figo. Majani ya pasli ya kupambia chakula hayana neno. Mafuta yake ya mvuke mjamzito asiyanywe, na asiyapake. Miristisini ipo pia kwenye kungumanga, kwa hiyo mafuta ya mvuke ya kungumanga nayo yatazameni kwa jicho hilo hilo, ingawa kungumanga kidogo ndani ya uji si tatizo.

---

Bi_Viungo (Chake Chake)

Nimefanya cha maji na cha spiriti: limezama, na imebaki angavu. Cha friji kesho. Chupa nimebadilisha.

Sasa lebo. Niandike nini? Na kuna mteja anataka ayatie kwenye maji ya kunyunyizia chumba kufukuza mbu, ana paka ndani.

---

Mfamasia_Wete

Lebo: jina liwe "mafuta ya kuchulia yenye mafuta ya makonyo, asilimia 0.45". Neno makonyo liwepo, na namba iwepo. Taja mafuta ya nazi. Andika "kwa kupaka tu", "usimpake mtoto chini ya miaka miwili", "jaribu ndani ya kiwiko siku mbili kabla", "weka mbali na macho na watoto", tarehe uliyochanganya na namba ya mkupuo, ili chupa moja ikileta malalamiko ujue wenzake ni zipi. Kama unauzia wageni, taja eujenoli kwa jina. Ulaya ni lazima itajwe ikizidi asilimia 0.001 kwenye kitu kinachobaki mwilini na 0.01 kwenye kinachooshwa, na wenye mzio wamezoea kuitafuta. Usiandike "inatibu". Ukiandika hivyo umeingia kwenye dawa, na ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, watakutaka usajili wa dawa. Hata vipodozi vya kuuza nao wapelekee wavikague.

Mteja mwenye paka asinyunyize. Ini la paka halimudu vitu vya aina ya eujenoli. Analamba manyoya yaliyoangukiwa na matone na anaumwa. Kwa maji pia litarudi suala lile la kuzama: chupa ya kunyunyizia itatoa maji matupu, kisha mafuta matupu mwishoni, na yatachubua rangi ya kabati na kuyeyusha pampu ya plastiki. Mbu wanafukuzwa na harufu kali, ila kwa saa moja mbili, na kwa kiasi kinachozidi sana ile 0.5 ya ngozi. Alale ndani ya neti.

---

Singo_na_Liwa (Mjini, Unguja)

Bi Viungo, mikebe ya singo isiwe ile ya plastiki ngumu inayoonesha ndani. Kwa gramu 2 kwenye 500 haitayeyuka, ila ndani itapata ukungu baada ya mwezi na kifuniko kitakwama. Tumia ya kioo au ya bati iliyopakwa rangi ndani, na utie karatasi ya nta chini ya kifuniko.